Jamu Iliyoungua Tangu Pasaka

Vijana wa kikundi cha Kizwite, ujumbe wenu nimeupata. Mmeniamkia shikamoo tatu katika ujumbe mmoja. Haya, marahaba zote tatu. Mmeomba niwaandikie vipimo vya jamu, "kwa kifupi tu bibi, tuanze biashara." Vipimo natanguliza, nisije nikafa mkasema bibi alikuwa mchoyo.

Embe: kilo ya nyama ya embe kwa robo tatu ya kilo ya sukari. Mapera: kilo kwa kilo. Pichesi: kama mapera, ila limao liongezeni, maana pichesi ni mvivu wa kuganda. Matunda yasiwe yameiva yote. Katika kila ndoo robo yawe bado magumu, hayo ndiyo yanayogandisha. Mbegu za limao msizitupe. Zifungeni kwenye kitambaa safi, zichemke humo humo. Sufuria iwe pana, sio ndefu. Sukari isiingie mpaka tunda lilainike, la sivyo vipande vitakakamaa kama raba. Kuni ziwe kavu. Chupa zichemsheni, mzijaze zingali za moto, mkaze vifuniko, mzigeuze kichwa chini. Basi.

Mmeona? Hata ukurasa haujaisha. Vipimo hivyo nimekuwa navyo kichwani zaidi ya miaka arobaini, na bado ninavyo, hakuna hata kimoja kilichonitoka. Lakini jamu siwezi kutengeneza tena. Hilo hamkuniuliza, na ndilo ninalotaka kuwaandikia.

Nilifundishwa na Sista Klementina, jikoni kwa masista, nikiwa msichana niliyemaliza darasa la saba na sina pa kwenda. Sista alikuwa Mfipa wa huku huku juu, binti wa wakulima wa ulezi. Mikono yake ilikuwa mipana kama ya mwanamume anayepasua mbao, lakini sauti yake ilikuwa ndogo mno, mpaka usogee ndipo usikie unagombezwa. Jamu ikikaribia kuiva alitupanga mstari wasichana wote sita, kila mmoja na kijiko chake. Tunaonja. Halafu kila mmoja aseme neno moja kuhusu alichoonja, na neno "tamu" lilikuwa marufuku.

"Tamu ni sukari," alisema. "Sukari naijua, nimeimwaga mwenyewe. Mimi nakuuliza habari za tunda."

Basi ikabidi tutafute maneno. Mmoja alisema inakwaruza. Mwingine alisema inanukia jani la mpera lililonyeshewa. Mimi siku ya kwanza niliogopa, nikasema, "Njano." Wenzangu waliangua kicheko. Sista hakucheka.

"Mwacheni," alisema. "Huyu ameanza."

Ilinichukua misimu miwili kuelewa nilichokuwa nimekianza. Baada ya hapo ungeweza kunifunga kitambaa machoni ukanipa kijiko, nikakuambia embe hili ni la Muze kule bondeni au la kwingine, limechumwa au limeokotwa, kuni zilikuwa kavu au mbichi. Sijisifu. Wengine wana masikio ya kwaya. Mimi nilikuwa na ulimi.

Ngoja niwachekeshe kidogo, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha. Nilipokuwa tayari na jiko langu mwenyewe, alikuja mtaalamu mmoja kutoka Pwani kutupa semina. Alikuwa na kipimajoto kirefu cha kioo, anakibeba kama padri anavyobeba Ekaristi. Akatuambia jamu huiva kipimo kikifika mia na tano, isipungue. Nikamwambia, "Mwalimu, huku kwetu juu maji yanachemka mapema, yakiwa hata hayajapata moto sawasawa. Maharage yenyewe yanatutesa. Ukingoja mia na tano utaiunguza." Akatabasamu vile wanavyotabasamu. Tukangoja mia na tano. Jamu ikawa nyeusi, ikapoa, ikawa jiwe. Felista, mfanyakazi wangu, alileta mchi wa kutwangia akaupiga ule mgando mbele ya mwalimu, mchi ukadunda. Mwalimu aliondoka na sufuria yetu moja akisema atatafuta namna ya kuiosha. Hatukuiona tena.

Kwa hiyo msiniulize digrii. Wekeni sahani ya bati nje kwenye upepo, huku kwetu mwezi wa sita haina haja ya friji. Dondosheni tone, lisukumeni kwa kidole. Likikunja uso kama mzee aliyeamshwa, imeganda. Na sikilizeni. Jamu changa inasema chwa-chwa-chwa. Ikikaribia inasema pu, inanyamaza, pu. Kwa hayo, macho na masikio yanatosha. Ila hayawezi kukuambia kama ni nzuri. Hilo ni la ulimi na pua.

Sasa niwaeleze kosa langu.

Jiko langu lilikuwa na wanawake wanne, Felista akiwa wa kwanza. Aliingia akiwa bado hajaolewa, akakaa nami mpaka watoto wake wakawa na watoto. Mwanzoni niliwapanga mstari kama Sista alivyonifanyia, kila mtu na kijiko. Halafu, wengine wakiwa bado wanaanza kujifunza, mmoja wao, mwenye ulimi mzuri kuliko wote, akaondoka, nikaajiri mwingine mahali pake. Akafungua jiko lake upande wa pili wa mji, jamu yake ikawa nzuri kama yangu. Haikuwa dhambi. Alifunga baada ya miaka michache, mumewe alipohamishwa. Lakini mimi niliumia kama mtu aliyeibiwa, nikaapa simfundishi mtu mwingine kuonja.

Tangu siku hiyo kijiko kikawa kimoja, na kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Wamenye, wakate, wakoroge, waoshe chupa. Ikifika kuonja, ni mimi. Felista akinyoosha mkono nilimwambia, "Acha, mimi nipo." Nilisema hivyo miaka mingapi? Mpaka akaacha kunyoosha mkono.

Mzigo wote tuliuuza kwa Mwajuma. Mwajuma ni wa ile familia ya wenye maduka na malori pale mjini, rika langu, rafiki yangu tangu tukiwa na watoto mgongoni. Malori ya kaka zake yalishuka Muze kuchukua mpunga, yakinipandishia na maembe. Yeye ni Mwislamu, mimi Mkatoliki. Idi nilikula kwake, Krismasi alikula kwangu. Aliweka chupa zangu mbele kabisa dukani, juu ya kaunta, na mtu akiuliza jamu ya viwandani alimwonyesha mlango kwa kidevu.

Halafu nikaugua. Ilikuwa wakati wa mvua, homa na kifua, wiki mbili kitandani. Nilipoinuka, Felista aliniletea ugali na dagaa. Nikatafuna. Nikamwuliza kama dagaa wameisha nguvu. Akanishangaa. "Mama Deo, wananuka mpaka nje."

Mimi sikusikia kitu.

Nilidhani itapita. Nikanusa limao, nikanusa karafuu, nikanusa mafuta ya taa. Ilikuwa kama kunusa ukuta. Mdomoni chumvi niliipata, sukari niliipata, ukali wa limao niliupata, na baada ya hapo giza. Chungwa na nanasi vilikuwa kitu kimoja. Nilikwenda hospitali, daktari kijana mpole sana akaniambia, "Mama, kwa wengine hurudi, kwa wengine hairudi. Tusubiri." Nikasubiri. Wakati nasubiri, maembe yakaja.

Ningesema siku ile. Wanawake wanne wamesimama, moto umewaka, wananitazama mimi. Ningesema tu: jamani, ulimi wangu umekufa, nisaidieni. Nilichofanya ni kutoa kijiko mfukoni, nikachota, nikafumba macho kama siku zote. "Safi," nikasema. "Teremsheni."

Nilipika hivyo tangu Pasaka mpaka baridi ilipoisha. Nilijiambia macho ninayo, masikio ninayo, uzoefu ninao. Mara moja lori lilikwama matopeni siku mbili kwenye kona za kupanda kutoka bondeni, maembe yakafika yamelegea. Felista aliinama juu ya gunia akainuka haraka.

"Mama, haya yamechacha."

"Nani kasema?"

"Yananuka pombe, mama."

Nikachukua embe moja, nikalipeleka puani mbele yao wote. Nilivuta pumzi ndefu. Mungu ananiona, nilivuta pumzi mpaka mbavu zikauma, na sikupata chochote. Nikaliweka chini, nikasema, "Tangu lini wewe umekuwa pua ya jiko hili? Menyeni."

Wakamenya. Felista aliongea kitu kwa Kifipa, chini chini, hakuniangalia. Nilikisikia na sitakiandika.

Mwajuma aliendelea kuchukua mzigo kama kawaida. Nikimwuliza biashara, anajibu, "Alhamdulillahi, zinakwenda." Wala hakunitazama usoni, ila nilidhani ni shughuli za dukani.

Siku moja nilikwenda dukani kwake kuchukua chupa tupu. Alikuwa anahudumia wateja wa jumla, watu wa Kasesya wanaopeleka bidhaa mpakani. Nikamwambia asisumbuke, naijua stoo yake, nitajichukulia. Akasema, "Mama Deo, subiri—" lakini nilikuwa nimeshasukuma mlango.

Zilikuwa chupa zangu. Zimepangwa kwenye rafu za nyuma, safu juu ya safu, na zilizokosa nafasi ziko sakafuni kwenye maboksi. Nyingine vifuniko vimevimba, nyingine vimefyatuka, jamu imetiririka na kukauka ubavuni. Sisimizi wametengeneza njia. Nilisimama pale nikitafuta maana nyingine. Nilijiambia labda ni akiba. Labda ameagiziwa na shule.

Mwajuma alikuja nyuma yangu, akafunga mlango.

"Hizi ni nini?" nikamwuliza.

"Jamu yako, Mama Deo."

"Si umesema zinakwenda?"

"Zilikwenda. Watu wakazirudisha."

"Kwa nini?"

Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. "Imeungua," alisema. "Tangu Pasaka imeungua. Nyingine ina moshi. Na ile ya mwisho, mwalimu mmoja aliileta mwenyewe, akaniambia, mama, hii ni pombe, siwezi kuwapa watoto."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Wewe ndiye uliyetuonyesha mji mzima jamu ni nini. Nilisema labda wiki ijayo itakuwa sawa. Kila wiki nikasema hivyo." Halafu akaanza kulia. "Nilifikiri umechoka na kazi. Nilifikiri labda umeanza kutudharau."

Nilifungua chupa moja palepale, nikatia kidole, nikalamba. Sukari. Nikafungua nyingine. Sukari. Nikamwambia, "Mwajuma, mimi hapa nasikia sukari tu."

Akaacha kulia. "Tangu lini?"

"Tangu nilipougua."

"Na hukumwambia mtu?"

Alinishika mkono wenye jamu kwenye kidole, akaufuta kwa mtandio wake mzuri wa hariri, kidole kimoja kimoja, mpaka na vile ambavyo havikuwa vichafu.

Kesho yake niliwakusanya wanawake wangu nikawaambia. Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo lililonikata. Walikuwa wanajua tangu sufuria ya kwanza kuwa jamu imeungua, na walinyamaza kwa sababu mama ameonja na kusema safi. Miezi yote hiyo walikuwa wananitazama nikifumba macho.

Nikatoa kijiko, nikampa Felista. "Kuanzia leo utaonja wewe."

Tulikuwa na mapera motoni. Alichota, akapuliza, akaonja. Alikishika kile kijiko kwa vidole viwili, kama kitu cha mtu mwingine.

"Iko vipi?"

"Tamu, mama."

"Tamu ni sukari, Felista. Nakuuliza habari za tunda."

Akaonja tena. Nilimwona anahangaika, paji la uso limetoka jasho. "Ni… ni pera, mama. Sijui. Ni kama pera."

"Limeiva zaidi? Limepungua limao? Limeshika moshi?"

"Sijui."

"Miaka yote hii umekaa jikoni hujui?"

Akaweka kijiko mezani. Hakupandisha sauti, Felista hana sauti ya kupandisha. "Mama, nilipokuja hapa ulimi nilikuwa nao. Nilinyoosha mkono mara ngapi ukaniambia acha? Iliyooza naijua, hata mbuzi anaijua. Lakini hii nzuri ya kwako hukuniacha niijue. Leo unataka niseme?"

Tulijaribu, msifikiri hatukujaribu. Msimu mzima. Nilimpanga yeye na wenzake mstari, nikawafundisha kama Sista. Lakini Sista alipotufundisha alikuwa anaonja pamoja nasi. Mtu akisema "inakwaruza," yeye alijua kama ni kweli. Mimi Felista akisema neno, sikuwa na namna ya kujua kama amepata au amekosa. Ni kama kipofu anayefundisha kusoma: mtoto anataja herufi, wewe utasema nini? Ndiyo? Sio? Nikawa nabahatisha. Siku nyingine namsifu, siku nyingine namfokea, na yeye akaona kuwa nabahatisha. Sufuria mojawapo ilitoka maji, nyingine chungu. Siku moja nilimtupia mwiko. Haukumpata, lakini niliurusha.

Aliondoka bila ugomvi. Alikuja na kanga yake nzuri, akapiga goti, akaniaga. Sasa yuko Kasesya, anapikia madereva wa malori wali na maharage. Nasikia wanapanga foleni. Wale wengine watatu wakafuata, kila mmoja na sababu yake. Sufuria kubwa nimemuuzia mama anayepika pombe ya ulezi. Sista Klementina alikwisha kufa zamani, wale wasichana wenzangu watano wa kwake wamekufa au sijui walikoolewa, na yule aliyenikimbia kwa ulimi wake mzuri nimeulizia, naye amefariki huko walikohamia. Nimefanya hesabu hiyo mara nyingi, nikitafuta mtu mmoja aliyebaki anayejua nilichokuwa nakijua. Sijampata.

Najua mnavyofikiri. Mtasema, bibi, sisi tuna vipimo, tuna video, tutaonja wenyewe. Onjeni. Onjeni wote, na kila mtu na kijiko chake. Lakini mtaonja na kulinganisha na nini? Mmekulia jamu ya dukani ile nyekundu isiyojulikana ni ya nini. Alikuja binti mmoja wa kikundi chenu mwezi uliopita, nikampikia kisufuria kidogo cha pichesi nione. Nikamwuliza iko vipi. Akasema, "Iko poa, bibi." Poa vipi? "Poa tu." Ni binti mzuri, simlaumu. Maneno ya kuonjea ningempaje, wakati mwenyewe siwezi kuyathibitisha?

Daktari bado anasema tusubiri. Ameshapata mvi kidogo.

Jumapili iliyopita Mwajuma alinitembelea baada ya mimi kutoka misa. Siku hizi anatembea kwa fimbo, lakini alikuwa ameficha kitu chini ya mtandio, anacheka peke yake. Alikuwa anahamisha kabati nyumbani kwake, akakuta nyuma yake chupa moja ya zamani, ya kabla sijaugua. Karatasi ya jina imeliwa na mende, lakini kifuniko kimeshika, na jamu iko safi, rangi ya dhahabu. Akaniletea na mkate.

Tulikaa uani. Akafungua, kifuniko kikalia. Akapaka kipande chake, akatafuna polepole, akafumba macho. Nilimwona mabega yanashuka.

"Yaani, Mama Deo," alisema. "Hii ndiyo. Hii hii."

Alinipakia kipande changu, akapaka nyingi. Nikala. Ilikuwa tamu, na ukali kidogo, na ulaini wake kwenye ulimi ulikuwa sahihi kabisa, naweza kuapa. Nilingoja. Nilitafuna mpaka mkate ukaisha mdomoni, nikingoja.

"Mwajuma," nikasema, "ni ya tunda gani?"

Alidhani natania. Aliponiangalia akaona sitanii, akageuzia uso kule bustanini ninapofuga kuku.

"Pichesi," akasema. "Za mti wako ule pale. Tulizichuma pamoja."

"Ah," nikasema. "Kweli, pichesi."

Nikakata kipande kingine cha mkate, nikampa anipakie tena.